Wimbo Alioukimbia

Jumatatu, 4 Machi

Mzee Vinanda amefariki.

Nilikuwa kwenye mashine, nasaga lenzi ya mteja, simu ikaanza kutetemeka mfukoni kama ina homa. Ujumbe wa kwanza nikaupuuza. Wa pili. Wa kumi! Nikazima mashine. Kapteni kaandika kwenye kundi letu la mashabiki: Mzee wetu katutoka alfajiri, hospitalini, moyo. Chini yake watu mia mbili na kitu, wote wanalia kwa vidole.

Lenzi nimeiharibu. Imechubuka ukingoni. Bosi kauliza nimefiwa na nani. Nikasema mtunzi wa muziki, yule wa filamu na tamthilia.

"Ndugu yako?"

Hapana.

"Mnafahamiana?"

Kidogo.

Akanitazama vile anavyowatazama wanaodai miwani imejivunja yenyewe. Akarudi kaunta.

Kidogo — ndiyo! Nilikutana naye mara moja, miaka minne iliyopita, kwenye foleni ya duka la mikate. Nilikuwa nyuma yake. Uzalendo ukanishinda. Nikamwimbia pale pale ule wimbo wa kufungulia tamthilia ya "Jirani wa Ghorofa ya Tatu": ngo, ngo, ngo, halafu ile sauti inayopanda. Akageuka. Akatabasamu. Akaondoka, mkate wake kauacha juu ya kaunta. Kwenye kundi nimeisimulia mara mia. Nilimgusa mpaka akasahau mkate! Nadhani ndiyo iliyonipa ukatibu wa kundi.

Jumanne, 5 Machi

Sikai, sisimami. Nimefua nguo safi. Nimepanga kabati, nimelipangua.

Binti yangu ana miaka kumi na tisa, tamthilia ile hajaona hata sehemu moja. Anasema, Mama, unamlilia mtu ambaye hata jina lako halijui. Kweli. Lakini nilipokuwa na miaka tisa, mama alikuwa akifua mashuka ya hospitali, zamu yake ya Jumapili ikiisha anafika nyumbani saa kumi jioni. Televisheni hatukuwa nayo. Wimbo ulitufikia kupitia ukuta wa jirani. Ukianza, dakika haiishi, mama huyo mlangoni. Mpaka leo nikiusikia mwili wangu unajua mama amerudi — na mama amekufa mwaka wa saba sasa. Utamweleza nini mtoto?

Kapteni kapiga simu. (Kapteni kwa sababu ya kofia. Maisha yake yote alikuwa mwalimu wa udereva.) Mazishi Alhamisi, familia tu. Kafura! "Sisi ndio tuliomweka hai miaka yote hii, leo tunafungiwa geti?" Basi mpango: Jumapili ya tarehe 17, saa kumi jioni, saa ile ile ya tamthilia, wote nje ya nyumba yake. Tuuimbe pamoja. Tangazo nimeliandika mimi. Nimeweka alama tatu za mshangao.

Jumatatu, 11 Machi

Niandike polepole, nisiruke kitu.

Asubuhi kaingia mama mmoja dukani, mtu mzima, gauni jeusi, mkoba kaukumbatia kifuani. Katoa miwani ya kiume. Fremu nyeusi, nzito, mkono wa kushoto umefungwa uzi. Niliijua kabla haijagusa meza. Iko kwenye kila picha yake!

"Ya marehemu mume wangu," akasema. "Zitoeni hizi lenzi, mnitilie za kipimo changu. Nitaivaa mimi."

Bosi alikuwa kwa daktari wa meno. Nikamkalisha kwenye kiti, nikampima upana wa macho kwa rula. Uso kwa uso, pumzi yake naisikia. Nikampa pole.  Yeye akaanza kusema. Pengine kwa kuwa mimi ni mtu baki tu, na duka lilikuwa tupu.

Akasema jirani kamwambia kuna watu wanakuja kuimba nje kwake. "Waje. Wakae, wanywe maji. Lakini ule wimbo hapana, mwanangu. Ule hapana."

Nikauliza, wimbo upi, mama? Mnafiki mkubwa mimi!

Akanieleza. Mtoto wao wa kwanza, wa kike, miaka minne, alilazwa miezi miwili. Akimtaka baba yake anagonga kijiko kwenye chuma cha kitanda. Ngo, ngo, ngo. Naye baba alikuwa na kazi ya watu, tamthilia mpya, tarehe imemkaba. Akaitungia wimbo pale pale kando ya kitanda. Ule mlio wa mwanzo ni kijiko. Ile sauti inayopanda ni yeye anaitika: nakuja, mama, nakuja. Mtoto akafariki wiki ile ile tamthilia ilipoanza. Wimbo ukapendwa na kila mtu.

"Miaka thelathini na tano," akasema. "Ukipigwa dukani, anatoka. Ukipigwa harusini, anatoka. Hakumkemea mtu hata siku moja. Anatabasamu, anatoka."

Anatabasamu, anatoka.

Aliuacha mkate wake.

Jumanne, 12 Machi

Nimempigia Kapteni. Nikasema nimesikia kwamba Mzee mwenyewe hakuupenda ule wimbo. Umesikia wapi? Nikababaika. Bosi ana sheria moja tu hapa dukani: linalosemwa kwenye kiti cha kupimia linabaki kwenye kiti cha kupimia. Alishamfukuza mtu kwa hilo, namfahamu.

Nikasema nimesikia tu.

"Katibu," akasema, na hakuwa na hasira, heri angekuwa nayo. "Kuna mama anatoka miji miwili mbali, analetwa kwa kiti cha magurudumu. Nimwambie nini? Kwamba amekosea kupenda? Kila mmoja wetu ana mtu wake ndani ya ule wimbo. Hata wewe, una mama yako."

 

Jumatano, 13 Machi

Nimeandika ujumbe kwa kundi. Nimefuta. Nimeandika. Nimefuta.

Fremu iko mbele yangu mezani. Nimefungua ule uzi, nimetia skrubu mpya. Kisha nikajiuliza nani aliufunga ule uzi. Nikautoa kwenye pipa la taka, nikaufunga tena juu ya skrubu.

Ijumaa, 15 Machi

Nimetuma!

Sikumtaja mjane, sikutaja kiti, sikutaja miwani. Niliandika tu: nina hakika wimbo ule ulikuwa na kidonda chake, alikuwa akiukimbia, naomba Jumapili tusimame kimya. Na ile hadithi yangu ya mkate, nimeandika, nilikuwa naisimulia kinyume. Hakusahau mkate. Alinikimbia mimi.

 Halafu mvua ya mawe. Katibu kachanganyikiwa. Katibu anataka aonekane anamjua kuliko sisi. Mmoja, mtu ambaye mwaka jana nilimtumia pole ya mkewe, kaandika: toa ushahidi au toka. Watu kumi na wanane wamejitoa kwenye kundi. Mama wa kiti cha magurudumu kaandika neno moja tu, "Kweli?", na hilo ndilo lililoniumiza.

Kapteni hajaandika kitu.

Binti yangu kasoma yote begani kwangu, akasema, "Duh, Mama, umewasha moto." Kisha akanipikia chai. Hajanipikia chai tangu amalize shule.

Jumamosi, 16 Machi

Mjane kaja kuchukua miwani. Bosi alikuwepo, kwenye kaunta, hatua tatu. Nikamvalisha, nikamrekebishia masikioni. Fremu kubwa mno kwa uso wake. Kasoma herufi za ukutani mpaka mstari wa mwisho, kama mtoto anayeonyesha mwalimu.

Akagusa ule uzi. 

Nikashindwa kubeba. Nikasema, mama, mimi ndiye katibu wa wale wanaokuja kesho. Na niliyoyasikia hapa nimewaambia, si yote, lakini nimewaambia. Bosi kainua kichwa. Sikumtazama.

Mama akanitazama muda mrefu kupitia fremu ya mumewe.

"Hebu niimbie mwanzo. Kidogo tu."

Mimi? Hapa? Nikaimba. Kwa pumzi, mstari mmoja.

"Wewe ndiye wa mkate," akasema.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze! Siku ile, akasema, mumewe alirudi mikono mitupu, wageni wako njiani, yeye mke akamgombeza. Naye akajibu kuna dada mmoja kamwimbia kwenye foleni, na hakukosea hata noti moja.

Nikauliza alilisema hilo kwa uchungu au kwa furaha.

"Nimekaa naye miaka arobaini," akasema, "hilo mimi mwenyewe sijawahi kulijua." Akafunga mkoba. "Kesho njoo mapema. Ingia ndani."

Alipotoka, bosi alifuta kioo cha kaunta ambacho kilikuwa safi. Kisha: "Jumatatu tutaongea." Basi. Sijui nina kazi au sina.

Jumapili, 17 Machi

Naandika nikiwa sebuleni kwake. Saa kumi kasoro dakika tatu.

Wako nje kama mia moja na hamsini. Sikutegemea. Hata waliojitoa kwenye kundi nimewaona. Kapteni kavua kofia — sikujua ana upara. Kanivuta pembeni: amewapigia mmoja mmoja, usiku na mchana, wamekubali kusimama kimya. "Wengi," akasema. Wengi, si wote.

Mama kanifungulia mwenyewe. Miwani usoni. Kiti hiki kanionyesha yeye. Piano iko hapa, imefunikwa shuka, juu yake karatasi za dawa za hospitali na bakuli la funguo. Amesema ngoja nivae viatu, twende wote tukawasalimie. Kaingia chumbani. Hakuna mlango, pazia tu.

Saa kumi.

Kimya. Wamesimama kimya kweli! Nasikia mtu anakohoa. Nasikia magurudumu kwenye kokoto.

Sauti moja. Ya kike, nzee, imechakaa. Hailii, inaimba. Anaimba peke yake.

Kapteni: "Jamani, tulikubaliana!"

Sauti ya pili. Ya tano. Sasa sizihesabu tena. Kapteni kaita mara mbili zaidi, kisha hakuita. Sasa namsikia na yeye, sauti yake nzito ya chini, anaimba.

Pazia halifiki sakafuni. Naiona miguu ya mama. Mmoja una kiatu, mwingine hauna. Haisogei. Haiji huku, hairudi nyuma.

Inabidi nitoke niwanyamazishe. Mimi ndiye niliyewaita, kwa alama tatu za mshangao. Mlango uko hatua nne. Wanapandisha ile sauti, na jinsi walivyo wengi madirisha yanatikisika, na mguu usio na kiatu bado uko pale pale, na mimi bado naandika.