Makopo ya Korosho Chini ya Kitanda

Chumba cha juu, nyuma ya tanuri la mikate
Jumapili, tarehe 9

Mpendwa Kitindamimba wetu,

Pokea salamu zetu sote. U hali gani huko? Kikohozi kimekuachia? Bado unaosha vyombo vya hoteli nzima peke yako, au wameshakupandisha cheo ukafute meza? Sisi tunapumua. Leo sitaandika "hatujambo", maana nimekudanganya vya kutosha.

Korosho zako Kaka hajala hata moja. Nilipokuandikia kwamba anamaliza kopo kwa siku mbili, ulikuwa uongo mtupu, na aliyeniamuru niuandike ni yeye mwenyewe. Makopo yote saba yako chini ya kitanda chake, yamejaa.

Unajua ugonjwa ulimwanzia mikononi, akashindwa kukanda unga. Sasa umefika kooni. Daktari alituchorea kwenye karatasi: mishipa ya fahamu inayoamrisha misuli inakufa, kwa hiyo ulimi na koo havipati tena amri. Tumbo lenyewe ni zima. Njaa anaisikia kama wewe na mimi, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Mate hayamezeki, yanamtiririka, shemeji yako, mke wa Kaka, anashinda akiyafuta. Choo anakaa siku sita bila kupata, kwa sababu anakula kidogo, maji anayaogopa, hatembei, na misuli ya kusukuma imelegea. Yule aliyebeba magunia ya unga mabegani, siku hizi namnyanyua mimi, dada yako ninayeshindwa na ndoo.

Kosa kubwa nimelifanya mimi. Nilidhani chepesi ndicho salama, nikawa nazimua supu na uji mpaka vinakuwa kama maji. Kumbe kilicho chepesi hukimbilia njia ya hewa kabla koo halijawahi kuiziba. Akapaliwa, midomo ikabadilika rangi, supu ikaingia mapafuni, tukalazwa siku kumi na moja. Muuguzi aliniuliza kwa upole, "Mama, nani alikwambia uongeze maji?" Sasa hata maji ya kunywa tunayatia unga maalumu yawe mazito.

Daktari anataka kumwekea mpira wa kulishia, unaopita kwenye ngozi ya tumbo hadi ndani. Hautamponya, lakini chakula, maji na dawa vitafika bila kupitia kooni. Ila lazima uwekwe kabla misuli ya kupumua haijachoka zaidi. Ametupa wiki mbili. Kaka amekataa.

Nimembembeleza, nimemgombeza, nimelia. Maneno yake siku hizi yanatoka kwa shida, ikabidi arudie mara tatu ndipo nikaelewa: "Nikiwekewa, mdogo wangu atajua." Basi, hana lingine. Mama alipofariki ulikuwa hujaota meno, na yeye ndiye aliyekulisha kwa kijiko, mikono imejaa unga. Hataki umwone akilishwa.

Kwa hiyo nimemsaliti. Ukishajua, hana tena sababu ya kukataa. Atanikasirikia, na acha anikasirikie, mradi niwe na wa kunikasirikia.

Kila jioni hunionyesha kwa macho nimfungulie kopo moja. Ananusa, anafumba macho kidogo, kisha naliziba na kulirudisha.

Shemeji yako anakusalimu sana. Shangazi naye, pamoja na Kidevu, yule mwoka mikate mwenzake Kaka, ambaye bado hupanda ngazi asubuhi kumwonyesha mkate wa kwanza. Mungu akulinde na akufungulie njia ya kurudi.

Omba ruhusa kazini, uje kabla wiki mbili hazijaisha. Korosho usilete. Njoo mikono mitupu, umlishe.

Ni mimi dada yako, akupendaye hata anapokuliza