Bahasha ya Lydia

Columbus, 7 Februari 2016

Baba mpendwa,

Shikamoo. Kuna swali linalonisumbua tangu nianze chuo: kosa lililofanywa kwa ajili ya familia, aambiwe nani kwanza, familia yenyewe au aliyekosewa? Nisamehe kwa kulitanguliza kabla ya kukuuliza habari za mgongo wako na baridi ya Louisville. Mimi ni mzima.

Unamkumbuka Bibi Remedios, mwalimu mstaafu kutoka Ufilipino ninayemhudumia siku nisizo na masomo. Picha iliyo juu ya televisheni yake ni ya Efren, mtoto wa kaka yake. Babu yake Efren alikuwa gavana, baba yake mbunge. Efren alipata umeya mwaka 1995, akamaliza vipindi vitatu. Sheria ilipomzuia cha nne, alimwachia mkewe kiti, yeye akaenda bungeni; walipobanwa tena, wakabadilishana. Mei hii anagombea ugavana. Nimesoma vitabu vingi kuhusu koo zinazorithishana vyeo, bila kujua kwamba ninafagia sebule ya mojawapo.

Jana Bibi alinieleza jinsi safari hiyo ilivyoanza. Kwao walimu ndio husimamia vituo vya kura. Mwaka ule alibadilisha hesabu ya kituo chake, akatia saini, na Efren akawa meya kwa kura tisini na moja. Aliyeshindwa ni Lydia, mwalimu mwenzake na rafiki yake, ambaye mwaka huu anashindana tena na Efren. Bibi amenitamkia barua ya kumwomba Lydia radhi. Nimeandika rasimu, nikainakili vizuri, naye akaisaini.

"Itume kabla sijaogopa tena," aliniambia.

Ninayo mkobani. Nifanye nini?

Mwanao,
Veridiana

*

Louisville, 20 Februari 2016

Mwanangu Veridiana,

Marahaba. Mgongo unalalamika, ila ghalani bado wananihitaji. Jirani yetu Fides anasema wasomi huandika barua ndefu ili wasiulizwe wataolewa lini. Nimemfikishia salamu zako hata hivyo.

Swali lako kwangu si gumu. Kule kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania nilikuwa mwenyekiti wa mtaa miaka tisa. Mtu akileta shauri la ndugu yake, nilimuuliza: umeongea na mkubwa wa nyumba? Kama bado, nilimrudisha. Hakuna aliyenishtaki, ingawa mashtaka yote yalipitia kwangu.

Usiwavue watu nguo mbele ya majirani. Mpelekee Efren kwanza. Akiwa mtu, atamfikishia Lydia mwenyewe.

Baba yako,
Karoli

*

Columbus, 17 Aprili 2016

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umetulia.

Nilifanya ulivyosema. Bila kumwambia Bibi, nilimtumia Efren barua ile, nikamsihi aifikishe kwa Lydia. Juzi amekuja mwenyewe. Aliinama, akauchukua mkono wa shangazi yake na kuugusisha kwenye paji la uso wake, ndiyo heshima yao kwa wazee.

"Umekonda, mtundu wewe. Huko kwenye kampeni hamli?"

"Kampeni ndiyo inanila mimi, Shangazi."

Walicheka sana. Nilisimama na trei ya chai, nikingoja. Hakuitaja barua. Mlangoni alipapasa mfuko wa koti, akasema, "Asante, dada. Umeilinda nyumba yetu." Nikuambie aibu yangu: kwa muda mfupi nilijisikia nimesifiwa.

Leo Bibi ameniuliza, "Lydia amejibu?"

"Bado, Bibi. Posta ya kule ni ya polepole."

Uchaguzi ni tarehe tisa Mei. Niandikie upesi.

Mwanao,
Veridiana

*

Louisville, 25 Aprili 2016

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo uache, si habari ya leo.

Mwambie Bibi ukweli, leo hii, aweze kusaini nyingine. Nilimfikiria Efren kama mtu wa mtaa wangu, ambaye kesho yake tungekutana naye bombani tukichota maji. Nilikosea.

Baba yako,
Karoli

*

Buffalo, 20 Novemba 2016

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe ukimya wa miezi saba. Ninaishi North Buffalo sasa, ninafundisha, ni mzima wa mwili.

Sikumwambia. Efren alishinda. Bibi aliendelea kuuliza kila mtu wa posta alipopita, nami nikajibu "bado", hadi alipofariki Agosti. Wiki ya mwisho aliniambia kwa upole, "Basi hajanisamehe. Ana haki."

Usijilaumu, Baba. Ningeweza kumuuliza mtu mwingine. Nilikuuliza wewe kwa sababu, nadhani, nilijua utakachosema. Au pengine nalisema hili sasa ili hata hatia iwe yangu peke yangu, jambo ambalo nalo lina majivuno yake.

Rasimu bado ninayo, kwa mwandiko wangu, bila saini. Anwani ya Lydia ninayo pia. Kila asubuhi naamua kuituma, kisha najiuliza kama nitamtumia kwa ajili yake au kwa ajili ya usingizi wangu. Sijapata jibu, kwa kuwa kila jibu ninalolifikia hunifaa mimi kwanza.

Na Lydia akiandika kwamba amesamehe, Baba, nitamsomea nani?

Mwanao,
Veridiana