Wali wa Nazi wa Mama

Mlandege, Iringa
14 Mei, 1956

Dada Mwanakhamisi,

Shikamoo. Sisi hatujambo, ila baridi. Nazi ulizotutumia na lori kutoka pwani zilifika salama.

Juzi, sikukuu ya Idi, Jaha mke wangu alizipikia wali, wa kwanza tangu tumzike Mama. Mwanangu Chiku akaonja, akasema, "Baba, huu si wa Bibi."

Ndipo nikakumbuka. Huku nazi zilikuwa hazipatikani, Mama akitia tui la karanga, na marehemu Baba, mtu wa Kilwa, akimsifu, "Leo nazi imekolea, mke wangu!" Mama akicheka.

Jana Jaha alitwanga karanga, akapika wali upya. Nililia kidogo, kisha nikakwangua ukoko.

Dada, usihangaike tena na nazi. Tutumie karanga.

Mdogo wako,
Othmani