Shuka la Mama Mkwe

Dada Agnes, pokea salamu zenye baridi ya Masama.

Jana mume wangu alipaka shuka jeupe la mama yake ile dawa anayonakilia ramani za nyumba kazini. Lilipokauka, akalitandaza juani na majani ya masale juu yake. Mama mkwe akafoka, "Mmeniharibia shuka!" Nilitamani kurudi kwetu Tanga. Tulipolisuuza mferejini likageuka buluu, alama za majani zikabaki nyeupe. Mama akalitazama, kisha akavua kilemba chake cheupe.

"Pakeni na hiki."

Kilipokauka na kutandazwa juani, akaweka kiganja chake juu, akanigeukia. "Lete na chako, mwanangu."

Hajawahi kuniita hivyo, dada! Leo kakivaa kanisani, anawaonyesha watu, "Huu mkono ni wa mkwe wangu."

Wabusu watoto, nawe usinililie tena.

Mdogo wako,
Sesilia