Pikipiki ya Papa Bado Inakimbia

Jumamosi, jioni. Mvua ilinyesha alfajiri ikakatika, jua likatoka kali, na sasa hewa imesimama kabisa. Nimeoga mara mbili na bado nasikia udongo kwenye meno.

Nimechoka. Si ule uchovu wa dukani, wa kushinda nimesimama nikipima maharage. Huo naujua, nalala nao na nikiamka umeondoka. Huu umeingia mifupani. Mikono bado imejikunja kama vile ningali nimeshika usukani. Naandika kwa sababu nikilala hivi hivi nitaota barabara.

Baba yangu, Papa wetu, ana pikipiki. Sijawahi kuitaja hapa kwa sababu nyumbani kwetu ni kama ukuta au mlango, kitu ambacho kimekuwapo siku zote. Aliinunua kabla sijazaliwa, wakati alipokuwa mnunuzi wa kahawa, akizunguka vijiji vya barabara ya Banalia kwa niaba ya mfanyabiashara mmoja wa kwetu Butembo. Ni ya Kijapani. Tangi lake lilikuwa jekundu, siku hizi ni vigumu kujua wapi rangi inaishia na wapi kutu inaanzia. Mshale wa kuonyesha mwendo ulikufa zamani. Umelala kwenye sifuri, pikipiki ikiwa imesimama au inakwenda.

Kwa hiyo hakuna anayejua inakimbia kiasi gani. Papa anasema mia. Vijana wa taksi-moto wanaokaa kwenye kona yetu, juu ya pikipiki mpya za Kichina, wanasema ikifika arobaini itamwagika njiani. Wanabishana hivyo kila asubuhi, Papa akiwa amekaa kwenye kiti chake cha plastiki, wao wakingoja wateja wa kwenda Makiso, katikati ya mji. Siku moja nilitafuta kwenye simu ili wanyamaze. Watu wameandika mengi. Wanasema pikipiki ya aina hiyo, ilipokuwa mpya, kwenye lami nzuri, na mtu mmoja mwembamba juu yake, ilifika tisini, labda na zaidi. Sikuona aliyeandika inafika ngapi ikiwa injini imefunguliwa na kufungwa mpaka skrubu zimechoka, mnyororo ni wa pikipiki nyingine, mbele kuna mzee wa miaka sabini na kitu, na nyuma kuna binti yake ambaye si mwembamba.

Leo nilikuwa nyuma.

Alhamisi tuliletewa habari kwamba Papa Gaspard amefariki Bengamisa, kwenye barabara ile ile ya Banalia. Enzi za kahawa, Papa alikuwa akilala kwake kila safari. Walikula sahani moja, na mvua zikikata barabara alikaa kwake hata wiki nzima. Maziko yakapangwa Jumamosi mchana. Nilimwambia Papa nitatafuta vijana wawili wenye pikipiki nzuri, mmoja ambebe yeye na mwingine anibebe mimi. Hakukasirika. Alisema tu, akiwa anafuta tangi kwa kitambaa:

“Miye naenda na yangu. Gaspard anajua mulio wake.”

Nikampigia Kahindo, mdogo wangu aliye Kinshasa. Nikampigia Kambale, aliye Goma. Wote wawili walisema nisimwache aende peke yake. Hakuna aliyesema nifanyeje. “Yaya, weye ndiye uko kule,” Kahindo aliniambia mimi dada yake mkubwa, na ni kweli, mimi ndiye niliye hapa. Tangu Mama afe, sentensi hiyo nimeisikia mpaka imeota magamba.

Basi nikafunga duka Jumamosi, siku ambayo watu hununua. Nikavaa suruali, nikafunga kitenge juu yake, nikapanda nyuma ya Papa.

Mjini aliendesha vizuri, polepole. Niliona tu kwamba anashika katikati ya barabara na haondoki. Watu wa toleka, wale wa baiskeli za abiria, walikuwa wakimpisha kwa sababu ya kelele. Nikadhani ni kiburi cha uzee. Tulivuka daraja la Tshopo, nyumba zikaanza kupungua, mihogo ikaja, kisha msitu. Pikipiki mpya zilikuwa zinatupita moja baada ya nyingine na kuturushia maji ya madimbwi. Moja ilikuwa na watu watatu na nguruwe. Nilikuwa nimemshika Papa, nikasikia mgongo wake unakuwa mgumu.

Mbele kidogo barabara inanyooka, inapanda, halafu inashuka mteremko mrefu. Udongo pale ulikuwa umekwisha kukauka. Papa aliinama kidogo, akafungua mafuta.

Mlio ukabadilika. Tangu nyumbani pikipiki ilikuwa inakohoa, ghafla ikawa sauti moja ndefu. Miti ikaacha kuwa mti mmoja mmoja. Machozi yalinitoka kwa upepo. Tulimpita yule wa nguruwe, na abiria wake wa nyuma akageuka kututazama, mdomo wazi. Kisha nikamsikia Papa anacheka. Sijui tulikuwa tunakwenda ngapi. Sabini? Themanini? Nilichungulia juu ya bega lake, mshale ulikuwa umelala kwenye sifuri.

Nikiri jambo moja. Kwa kitambo kile, ilikuwa tamu.

Chini ya mteremko kulikuwa na mtu anasukuma baiskeli iliyobeba magunia ya makala, mkaa wa kupikia, mzigo mpana kuliko mlango. Nilimwona kutoka mbali. Nikangoja Papa apunguze. Hakupunguza. Nikangoja tena, nikijiambia anajua anachofanya, ameendesha barabara hii kabla sijazaliwa. Halafu nikaelewa kwamba hatapunguza, nikapiga kelele, nikampiga begani kwa ngumi. Akakanyaga breki. Breki zilikuwa zimelowa maji ya madimbwi, hazikushika kitu. Injini ya zamani bado inaweza kukimbia, jamani. Kusimama ndiko isikoweza. Papa alikata kulia, gunia likanikwaruza goti, gurudumu la mbele likazama kwenye nyasi laini, na tukaanguka.

Nyasi zilikuwa na maji. Pikipiki ililala ubavu, injini bado inaunguruma.

Mimi nilichubuka kiwiko na goti. Papa alikuwa ameketi, kofia imeruka, damu inamtoka kwenye muundi. Mtu wa makala aliiacha baiskeli yake ianguke, akaja mbio. Alizima injini, akamshika Papa mkono, akamwangalia usoni.

“Papa, haukuniona?”

Papa akasema alimwona.

Yule mtu akanitazama mimi. Alinisaidia kuinua pikipiki, akarudi kwenye makala yake yaliyomwagika. Nilimfuata nikaokota pamoja naye, kipande kwa kipande, mpaka mikono ikawa myeusi. Ulikuwa wema kidogo. Zaidi ni kwamba sikutaka kukaa karibu na baba yangu.

Niliporudi, alisema mwenyewe, kabla sijamuuliza. Alisema tangu mvua za mwaka jana macho yake yana moshi. Mbali haoni, karibu anaona kivuli. Hakumwambia mtu kwa sababu hakuhitaji. Akaniita kwa jina langu:

“Barabara iko yote mu kichwa, Masika. Kila shimo. Ule mutu ndiye hakukuwa mu kichwa.”

Nikamuuliza, kama ni hivyo, kwa nini akimbize. Aling'oa nyasi. Akasema alijua hii ni safari ya mwisho, na alitaka kuisikia mara moja tena inavyokwenda, kisha aiache.

“Na mimi nyuma?”

“Weye ulipanda mwenyewe.”

Ni kweli, nilipanda mwenyewe. Labda ndiyo maana nililipuka. Sikumbuki yote niliyosema. Najua nilitaja jina la Mama. Nilimwambia kama yule mtu angekuwa mtoto anayetoka kuchota maji, leo kungekuwa na matanga mawili. Alinisikiliza ameinamisha kichwa, na hakujitetea tena. Nilipomaliza nilikuwa nalia, na yeye akanipa kitambaa chake cha kufutia tangi, kinachonuka petroli. Nikajifuta nacho. Kulikuwa na kitu gani kingine cha kufanya?

Halafu nikashika usukani. Alinifundisha mwenyewe nilipokuwa msichana, kwenye uwanja wa misheni, Mama akiwa amesimama pembeni anasali. Tangu niolewe sikuwahi kuendesha. Nilipiga kiki, ikakataa, ikakataa tena, ikakubali. Nilikwenda polepole hata karibu na kijiji kimoja kijana wa baiskeli alitupita akiwa na mama mzima na mkungu wa ndizi nyuma. Papa alinishika kiuno kwa mikono miwili. Nilishangaa alivyo mwepesi. Nilikuwa nadhani nimebeba baba, kumbe ni kama nimebeba koti lake.

Tulifika Papa Gaspard amekwisha kuzikwa.

Watu walikuwa wanakula. Hakuna aliyetulaumu, walitazama tu matope na damu, wakasogeza viti. Mama Veronika, mjane, alimshika Papa mkono akamwongoza mpaka kaburini, nyuma ya nyumba. Papa alichuchumaa akapapasa udongo mbichi kwa viganja, upande mpaka upande, kama mtu anayetandika kitanda. Alisema maneno kwa sauti ya chini. Mimi nilibaki kando, sikusikia, na sikutaka kusikia.

Baadaye tulipewa pondu ya majani ya muhogo na samaki wakavu. Binti wa marehemu, Odette, ni muuguzi kwenye kituo cha afya cha pale. Alikuja na maji ya moto kuosha muundi wa Papa, na alipomaliza alimgeuza uso kuelekea dirishani, akamfungua kope kwa kidole gumba. Alitazama jicho moja, akatazama la pili, akamwita kwa Kifaransa kama baba yake mdogo.

“Tonton, hii ni mtoto wa jicho. Kule mjini wanaitoa. Utaona tena muzuri.”

Watu wote wakasema asante Mungu. Nami nikasema. Nilikuwa na kijiko cha pondu mkononi, nikakirudisha kwenye sahani, nikasema asante Mungu kwa sauti kuliko wengine.

Wakati wa kurudi Papa alikuwa mtu mwingine. Alikaa nyuma yangu ananipigia kelele sikioni, ili ashinde mlio wa injini: weka ya tatu, achana na kushoto, hapa kuna shimo. Na kweli, kila aliposema shimo, shimo lilikuwapo. Alisema akishatolewa huo moshi atabadilisha breki zote mbili. Atatafuta waya wa mshale, ili wale watoto wa kona wasome wenyewe kwa macho yao. Alisema kabla ya Noeli atarudi kumsalimia Mama Veronika, na safari hiyo sitakuwa na haja ya kufunga duka, atakwenda mwenyewe.

Kwenye ule mteremko, sasa tukiupanda, aliniambia niongeze. Niliongeza kidogo. Akasema, bon, vizuri, ongeza tena. Sikuongeza.

Ile ahadi ya kuiacha pikipiki, aliiacha pale kwenye nyasi, na nyasi zilikuwa hazijakauka.

Sasa amelala. Muundi umefungwa bandeji, ufunguo wa pikipiki uko shingoni mwake, kwenye kamba moja na msalaba. Kahindo ametuma ujumbe wa sauti mrefu, analia, anasema niiuze Jumatatu. Kambale ameandika kwamba mzee aachwe, ni maisha yake. Wote wawili wako mbali, na wote wawili, nadhani, wana haki. Sijawajibu. Nikiwajibu wataniambia tena kwamba mimi ndiye niliye hapa.

Jumatatu nitafunga duka mara nyingine nimpeleke kwa daktari wa macho. Amekwisha kuniambia tutakwenda na pikipiki yake na mimi ndiye dereva, hataki kusikia habari ya taksi. Nimeitikia. Sina nguvu ya kugombana na mtu aliyefurahi.

Lakini nimekaa hapa na simu, kiwiko kinawaka, na nawaza jambo ambalo siwezi kumwambia Kahindo wala Kambale. Kwa macho haya aliyo nayo, Papa ni wangu. Atakaa nyuma yangu, atanishika kiuno, tutakwenda polepole na tutafika. Wakimrudishia macho, atafuta tangi lake, atapiga kiki, na mlio utapotea upande wa daraja. Breki mpya hazitamfanya kijana.

Na anastahili kuona. Anastahili kuona sura za wajukuu wake, ambazo sasa najua hajaziona sawasawa tangu mwaka jana.

Kesho kwenye misa nitamwombea macho. Nitapiga magoti niseme maneno yote, kama mtoto mzuri wa kwanza. Kisha nitabaki pale nimeinamisha kichwa, na sijui, sijui kabisa, kama ninataka nisikilizwe.