Tazama Mstari, Usitazame Kigae

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua barua hii anakusomea Mama, kwa hiyo na yeye shikamoo yake naiweka hapa hapa mlangoni, asije akasema nimemruka. Natumaini goti limetulia, jicho lililopasuliwa limeanza kutofautisha watu, na kwamba hujarudia tabia ya kupanda ngazi kwa siri Mama akitoka. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, na nimenenepa kidogo, jambo ambalo Mama atalifurahia kuliko habari nyingine zote zilizomo humu.

Habari kubwa naitoa mapema kwa sababu kifua kimeshindwa kuibeba. Kazi yetu ya miaka minne pale maabara imekubaliwa, na Ijumaa ya pili ya mwezi ujao nitasimama kwenye ukumbi wa chuo kuieleza mbele ya watu. Nitasimama mimi, si Profesa. Mwenyewe ndiye aliyeamua, akasema aliyeona ndiye atakayesimulia. Tena amewaalika wewe na Mama. Kadi yenu imo ndani ya bahasha hii, ila nawaomba msiifungue mpaka mfike mwisho wa barua.

Mara ya mwisho kwenye simu uliniuliza kama bado nafuga utumbo kwenye vikombe, ukacheka mpaka ukakohoa. Basi leo nikueleze vizuri, uwe na jibu la kuwapa rafiki zako wa pale kwa kinyozi.

Ukuta wa ndani wa utumbo, Baba, umetandazwa seli zilizopangwa bega kwa bega, kama vigae vya bafuni. Kila siku lita kadhaa za maji huvuka ukuta huo zikirudi mwilini. Si yale tunayokunywa tu, hata mate na majimaji ya tumbo yamo. Yasiporudi, mtu huharisha mpaka akakauka. Seli husukuma chumvi, na maji huifuata chumvi, na njia mojawapo ni ule upenyo mwembamba ulio kati ya seli na jirani yake. Humo ndani kuna protini zinazochomoza kutoka kila upande na kushikana, ndizo zinazofanya seli zisiachane. Kwa muda mrefu nilidhani zina kazi moja tu, kushika, kama simenti nyeupe unayozibia mistari. Sisi tunaziotesha seli hizo juu ya utando kwenye vikombe vidogo kama vifuniko vya soda, tunazitunza ndani ya kabati la joto, kisha tunapima maji yanayovuka.

Sasa sikiliza. Jumanne moja vikombe vyote kumi na viwili vilivuja, maji yakawa yanapita ovyo huku na huku. Mwenzangu wa meza ya jirani, ambaye kwa utani wake tunamwita Mtani, akasema seli zimekufa, nizitupe tukanywe chai. Profesa naye akasema zitupwe. Nikagoma. Nilikuwa nasikia kichwani yale maneno uliyokuwa ukiwaambia wenye nyumba, kwamba ukitafuta maji yanapopita usitazame kigae, tazama mstari. Nikaweka kikombe chini ya hadubini, nikakuta seli ziko hai kabisa, zimenawiri, ila zimeachiana. Nikarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka nikamkamata mkosaji, na mkosaji alikuwa mimi. Tuna chupa mbili za maji ya kuoshea seli, zinafanana kwa kila kitu isipokuwa rangi ya kifuniko, na mimi nilikuwa nimebadilisha vifuniko. Maji niliyoyatumia asubuhi ile hayakuwa na kalsiamu, na bila kalsiamu zile protini haziwezi kushikana.

Nikazirudishia kalsiamu yake, nikaketi kuangalia. Taratibu zikashikana tena. Lakini hazikutulia, Baba! Maji yalipovuka kwa wingi, upenyo kati ya seli na seli ulipanuka, na yalipopungua ukabana. Zilikuwa zinaachia kidogo na kushika tena, bila kutengana. Hapo hapo nikaziona zile sakafu zako kubwa, pembezoni mwa ukuta, mahali ulipokuwa ukiacha nafasi na kuijaza mpira laini badala ya simenti. Nilikuwa na miaka tisa nilipokuuliza kwa nini huko hukuziba sawasawa, ukaniambia sakafu inapumua, na ukiibana kila upande itapasuka. Halafu ukaniita Bi Maswali, na jina likanigandia mpaka leo.

Ilituchukua miezi kumi na minne kuhakikisha kwamba sikuwa naota. Tukaotesha seli zisizo na mojawapo ya protini zile, nyingine zikiwa bado zinashika, na kweli, upenyo wake haukucheza inavyotakiwa, na maji yaliyovuka yakawa pungufu. Tukarudia na kurudia, mpaka Mtani akasema akioa atagoma kunywea kikombe. Kuna wataalamu waliohisi jambo hili kabla yetu, na sitaki kujitwalia sifa za watu. Ila sisi tumeliona likitokea, tena tumelipima: kinachozishikilia seli ndicho hicho hicho kinachosaidia maji kupita. Nimejivunia, Baba, nasema waziwazi. Siku majibu ya mwisho yalipotoka nilirudi nyumbani kwa miguu huku nikitabasamu peke yangu, watu wakinipisha njia.

Mama, tafadhali mpe Baba maji kwanza, kisha uendelee kusoma polepole.

Siku nilipoleta zile picha za kwanza, Profesa aliniuliza mbele ya wote nilijuaje kutazama nafasi badala ya seli. Nikasema nilifundishwa na baba yangu. Akaitikia kwa kichwa akiwa ameridhika, akasema mtoto wa mhandisi hawezi kukosa jicho. Nami nikaendelea kupanga picha zangu. Sikumsahihisha kwa sababu mhandisi huyo nilimtengeneza mimi. Miaka sita iliyopita, kwenye usaili wa kazi hii, mzee mmoja aliniuliza baba yangu anafanya kazi gani. Pale kwenye benchi la kusubiria nilikuwa nimeketi na binti wa daktari na kijana wa hakimu, wananukia vizuri wote wawili. Nikatazama viatu vyangu, nikatazama sakafu, nikajibu kwamba baba ni mhandisi wa majengo. Na sakafu yenyewe ilikuwa ya vigae.

Tangu siku hiyo umekuwa mhandisi. Nimekupa ofisi, nimekupa hata karani. Goti lako lilipoharibika niliwaambia uliteleza ukikagua daraja, na ukweli ni kwamba uliliharibu kwa kupiga magoti miaka thelathini na mitano kwenye sakafu za watu ili mimi nisome.

Kadi ya mwaliko ilipochapwa, ilikuja na maneno “Mhandisi na Mkewe”. Niliishika nikakuona unaingia ukumbini, watu wanakuuliza habari za madaraja, na wewe, usiyejua kudanganya hata umri wako, unanitafuta kwa macho. Njia rahisi ilikuwa kuwaambia kwamba hamtaweza kuja. Niliifikiria njia hiyo kwa siku mbili nzima. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwa hiyo nalo nalikiri.

Siku ya tatu nikaenda kwa Profesa nikamweleza yote. Aliniambia ameudhika, si kwa kazi yako, bali kwa uongo wangu, kwa sababu mtu anayebadilisha vifuniko kwa bahati mbaya anasameheka, ila anayebadilisha kwa kusudi hawezi kukabidhiwa chupa yoyote. Nilistahili, nikameza. Kisha akauliza ile hekima ya mpira wa pembezoni mwa ukuta ni ya nani hasa. Nikamjibu ni ya fundi wa vigae. Akaniagiza hotuba yangu ianzie hapo. Kwa hiyo picha ya kwanza itakayoonekana siku hiyo haitakuwa ya seli. Itakuwa ile kona ya sebule yetu, karibu na mlango, niliyoipiga likizo iliyopita, na chini yake pameandikwa jina lako na kazi yako. Wenzangu nao nimewaambia, mmoja mmoja. Mtani amenicheka wiki nzima, na kila kitu kikivuja ananiuliza kama tumpigie mhandisi.

Nisamehe, Baba. Nilikuwa nimeandika hapa kwamba sikukuonea aibu kamwe, nikakata sentensi ile kwa sababu nayo ilikuwa uongo. Nilikuonea aibu, nilikuwa mjinga, na sasa naionea aibu aibu yenyewe.

Nisalimieni majirani wote, hasa yule mama wa cherehani, na mwambieni gauni nitakalovaa siku hiyo ni lile alilonishonea. Mama, nakukumbatia kwa kusoma kurasa zote hizi bila miwani, maana najua umeipoteza tena.

Sasa fungueni kadi. Niliirudisha ile ya kwanza ikachapwa nyingine, yenye maneno “Fundi wa Vigae na Mkewe”. Uje umevaa ile suti ya kijivu, na uje na nyundo yako ya mpira. Pale mlangoni mwa ukumbi kuna kigae, cha tatu kutoka kushoto. Nimekigonga kwa kisigino, kinalia kama chini yake ni patupu. Walitaka kuita mtu akitengeneze, nikawakataza, nikawaambia baba yangu anakuja.

Ni mimi binti wa fundi,

Bi Maswali