Mkwe Uliyempata Kwenye Drafti

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia na baba ameacha kujifanya daktari wake. Mimi ni mzima, ila barua yako imenitoa jasho. Ninajibu kwa maandishi kwa sababu kwenye simu ungenikatiza.

Unasema umenipatia mchumba: yule Binti Mpole unayecheza naye drafti ya simu kila jioni. Kwamba kabla ya kula kete yako anakuandikia, "Pole sana, ndiyo dunia," utadhani kalelewa nyumbani kwetu. Na kwa kuwa mchezo huo unatengenezwa ofisini kwetu, nikuulizie kwao ni wapi. Tena umeshawaambia mashangazi! Hata shangazi mkubwa, mama? Si ungepiga mbiu tu?

Nilimwuliza mkuu wetu. Alicheka mpaka akamwaga chai kwenye kibodi. Akasema binti huyo hana kwao, ni akili mnemba, yaani mashine inayojichezea yenyewe. Wameifundisha kwa kuilisha michezo ya wachezaji wetu pamoja na maneno wanayoandikiana. Nikamwuliza kama wachezaji wenyewe waliombwa ruhusa. Akadai wote walibonyeza "nakubali." Nikamwambia mama yangu hubonyeza "nakubali" hata kwenye tangazo la wembe wa ndevu, alimradi limwondokee machoni. Hapo hakucheka.

Basi nikaipekua mwenyewe michezo waliyoilisha. Kaa chini, mama. Anayetoa pole kabla ya kula kete ni mchezaji mmoja tu, na hakuna aliyecheza mara nyingi kumzidi. Ni wewe. Huyo mkwe uliyemsifia malezi ni wewe mtupu! Nilicheka, kisha nikakasirika kwelikweli. Maneno uliyotulelea wameyakinga kama maji ya mvua, kana kwamba hayana mwenyewe.

Nimegombana na mkuu mpaka amekubali: ukitaka, maneno yako yatatolewa na mashine ifundishwe upya. Ila Binti Mpole unayemjua hutamwona tena, na najua jinsi unavyomngojea jioni. Wao hawakukuuliza. Mimi mwanao nakuuliza: aondoke au abaki? Utakalosema ndilo nitakalosimamia, hata wakinifukuza.

Msalimie sana baba. Na mashangazi uwaambie, tafadhali, kabla hawajashona sare, kwamba posa imevunjika: bibi harusi ameonekana ni ndugu wa damu.

Ni mimi nikupendaye,
Kitinda mimba wako